Shemeki Alinisafishia Mail, Akataka na Nyumba

Niko na miaka sitini na munane, niko kaku, bibi ya bajukuu kumi na moja, ninakaa Panda, hapa Likasi. Masomo yangu iliisha mwaka wa tatu. Lakini adrese ya mail niko nayo, na nyumba niko nayo. Hiyo ya pili musisahau.

Adrese ilifunguliwa na marehemu bwana yangu. Batoto yetu ya Zambia na ya Ubelgiji, bote baliandika pale. Mbele ya kufa, bwana aliandikia mudogo wake, shemeki Faustin: nyumba ya Panda ni ya muke wangu, musimuguse. Barua ile ilibakia mu mail yetu.

Hapa kwetu, muntu asiyejua mashini anaacha neno lake la siri mu kaye, daftari ya sibere, nyumba ya kulipia internet, njo bamufungulie. Na minye nilifanya vile. Ni kosa yangu.

Miaka ikapita, barua zikafika maelfu. Ukifungua, kale kaduara kanazunguka, kanazunguka... umeme unakatika, unaanza upya. Siku moja Faustin akanikuta sibere ninatukana kaduara.

“Shemeki, hii mail imeshiba sana. Niachie nitoe za zamani, itakimbia.”

“Toa. Neno liko mu kaye. Lakini za kaka yako usiguse.”

“Weye unaniona mwizi wa barua?”

Kesho yake ilifunguka mbio. Nilimupikia kuku. Kuku muzima, bantu yangu...

Kisha wiki mbili akaja na bazee watatu ya ukoo. Eti kaka amekufa, nyumba irudi kwao. Nikasema, si alikuandikia? Akajibu, “Nionyeshe.”

Nikakimbia sibere. Mado, binti wa kazi pale, alitafuta mpaka macho ikamuuma. Za bwana yangu, hata moja hakuna. Faustin alifuta hata mu pipa ya takataka ya mail. Mado akaniambia, “Kaku, haikufaa kufuta. Tungeiambia ionyeshe barua makumi mbili kila mara, bila picha, za zamani tuziweke mu dosye, folda ya kila mwaka. Ingekimbia vile vile.”

Mbona sikumuuliza yeye kwanza? Nililia. Si kwa nyumba tu. Mule bwana aliandikia batoto namna tulioana... kwangu yote imeenda.

Kisha nikapangusa uso, nikarudi kwa bazee.

“Barua hapana. Minye niko.”

“Utatoka tu, shemeki.”

“Nitatoka siku mutanibeba. Leo miguu yangu ingali mizima, na ufagio iko karibu.”

Muzee mumoja akacheka, bakaenda. Bamerudi mara tatu. Niko ndani.

Bamama wenzangu, mail ikichelewa, muulize anayejua, mupange barua, musifute. Na neno la siri musipatie muntu anayetamani mulango wenu. Langu nimebadilisha. Na kama Faustin anasoma hii: kufuli ya nyumba pia.