Chiriku na Bango la Mkutano

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua sare, akala chakula alichowekewa, kisha akaenda kuchemsha chai katika ofisi ya kamati. Jina lake halisi lilijulikana shuleni tu. Nyumbani na mtaani aliitwa Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hakufunga mdomo. Lakini tangu bibi yake alipozikwa, mtoto yule hakuwa na la kusema. Hakulia wala hakugombana na mtu. Alikula bila kujua kama chumvi imezidi au imepungua. Ukimwuliza jambo lolote, jibu lilikuwa moja: "Sawa tu."

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa mtaa, chenye meza mbili na viti visivyofanana. Humo kamati ilikuwa ikiandaa mkutano kuhusu utalii katika jamii za asili. Watu wa akina Chiriku waliishi kwenye vilima vya pale kabla mji haujajengwa, na kila msimu wageni walikuja kuwaona. Wengi walikuwa watu wema. Lakini wengine waliingia mpaka uani bila hata salamu, wakapiga picha watoto, masufuria na nguo zilizoanikwa, wakaenda zao. Sasa jamii nyingine za aina hiyo zilikuwa zimealikwa, pamoja na wenye mahoteli na waongoza watalii, ili wakubaliane jinsi ya kutembeleana kwa heshima.

Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa maneno mengi na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Mwaka jana hoteli ilituita kwenye mkutano wao," alipenda kukumbusha. "Wageni wakila, sisi tunacheza ngoma. Tulirudi nyumbani tumeshiba makofi. Safari hii wenyeji watasema kwanza, wageni watasikiliza, na wote watakula pamoja."

Katibu alikuwa shangazi yake Chiriku, dada wa baba yake. Kazi yake hasa ilikuwa ushonaji, lakini siku hizo cherehani ilikuwa imefunikwa. Aliandika mialiko, akapanga nani alale wapi, akabishana na wapishi. Alikuwa hatulii. Watu walimsifu kwa bidii yake, wakasema amemzika mama yake na hajayumba. Sharti la kwanza la mkutano alilitunga yeye: mtu asipigwe picha kabla ya kuombwa ruhusa.

Siku moja Chiriku aliingia na sinia la chai akakuta kamati imezunguka picha mezani. Ilikuwa picha yake mwenyewe, siku ya mazishi, mashavu yamelowa, macho yanatazama chini. Mpiga picha mmoja mgeni alikuwa ameipiga kwa mbali, kisha akaituma kwa kamati kama zawadi.

"Picha hii inasema," Mwenyekiti alisema. "Tukiiweka kwenye bango, hakuna atakayepita bila kusimama."

Shangazi alikuwa akiandika. Hakuinua kichwa. "Chiriku, tunataka kuitumia. Utakubali, sivyo?"

Wote wakamgeukia. Chai ilikuwa ya moto na sinia lilikuwa zito.

"Sawa tu," Chiriku akasema.

"Mtoto mwema," alisema Mwenyekiti, akachukua kikombe.

Kusema kweli, Chiriku hakuona aibu wala hasira. Hakuona kitu chochote. Aliosha vikombe, akavipanga, akaenda nyumbani.

Bango lilifika siku moja kabla ya mkutano. Lilikuwa la kitambaa kizito, refu kama ukuta wa ukumbi, wakalitandaza juu ya meza zote mbili na viti kadhaa. Maneno yalikuwa pembezoni, picha katikati. Wanakamati wakalizunguka wakilisifu. Chiriku alisogea na yeye, kwa sababu kila mtu alisogea.

Picha ilipokuwa ndogo, nyuma yake palionekana kivuli tu. Sasa kile kivuli kilikuwa mtu. Alikuwa Baba. Amepiga magoti, mikono yake imo kwenye udongo mbichi, mdomo uko wazi kama mtu anayeita. Chiriku hakuwa amewahi kumwona baba yake hivyo. Siku ile hakuinua macho.

Na Baba alikuwa hapo hapo nje. Kazi yake ilikuwa kukodisha viti vya shughuli, na wakati huo alikuwa akivishusha. Sauti yake ilisikika dirishani, "Taratibu jamani. Kiti hicho kimekaliwa na mheshimiwa, kina hadhi kuliko mimi na wewe." Wabebaji wakacheka.

Hapo kifua cha Chiriku kikaanza kuchoma, kama mguu uliokufa ganzi damu inaporudi. Alimwonea baba yake huruma. Kesho watu wasiomjua wangesimama chini ya bango hilo na kumtazama akilia. Akashika pembe ya kitambaa, akaanza kulikunja bango.

"Wewe, bado halijakaguliwa," Mwenyekiti alisema.

"Si sawa," Chiriku akasema.

"Kitu gani si sawa?"

"Mimi sitaki picha hii itundikwe."

Mwenyekiti alivua miwani. "Mjukuu wangu, uliulizwa. Sote tulikuwepo. Ukasema sawa."

"Nilisema uongo."

Chiriku hakuiachia ile pembe, akaendelea. "Nilisema hivyo ili mwache kunitazama. Hapa nyuma ni Baba. Yeye hamkumwuliza kabisa."

Shangazi alitoka kwenye kiti chake. Akaikunjua ile pembe taratibu, akainama juu ya picha. Akamgusa yule mtu kwa kidole.

"Kweli ni kaka," alisema. "Picha hii imekaa mezani kwangu siku zote hizi, nikaandika juu yake, nikaweka kikombe juu yake. Sikuitazama. Niliogopa kuitazama." Machozi yalimdondoka juu ya kitambaa, na hakuyafuta. "Na wewe nilikuuliza ukiwa umebeba chai, mbele ya watu wazima wote hawa, nikakupa na jibu kabisa. Utakubali, sivyo? Mtoto angesema nini?"

"Lakini mkutano ni kesho," alisema Mwenyekiti. "Bango jingine tutalipata wapi?"

Shangazi alifungua mkoba wake, akatoa mkasi wa kushonea, akaikata picha na kuitoa yote. Kisha akatuma mtu amletee cherehani.

Baba aliingia kuuliza viti vipangwe vipi, akamkuta dada yake anapinda kingo za tundu kubwa.

"Panya wa mji huu wana meno," alisema.

"Kaka," Shangazi alimwambia, na leo aliacha kazi na kumtazama usoni. "Kipande hiki ni picha ya siku tulipomzika mama. Nawe umo. Tulitaka kukitundika bila kukuuliza. Unataka kukiona?"

Utani ukamwisha Baba. Alikitazama kile kitambaa kilichokunjwa, akatikisa kichwa. "Si leo."

"Haya. Nitakuwekea."

Baba akamshika Chiriku begani, wakatoka pamoja kupanga viti.

Kesho yake bango lilitundikwa likiwa na tundu katikati, na ukuta unaonekana. Wageni walinong'onezana. Mwisho mama mmoja kutoka jamii ya mbali alisimama. "Samahani. Hapo katikati pana nini?"

"Palikuwa na picha," Mwenyekiti alijibu. "Mwenye picha alikataa."

"Ni nani?"

Mwenyekiti alimtafuta Chiriku kwa macho. Chiriku akatikisa kichwa.

"Hapendi kutajwa," alisema Mwenyekiti. "Kwa hiyo hatutamtaja."

Yule mama alibaki amesimama. "Kwetu hakuna aliyewahi kukataa," alisema. "Tulidhani ukishaulizwa, umeshakubali."

Mwongoza watalii mmoja, mtu mzima, aliinamisha kichwa.

Ndipo Shangazi akasimama na karatasi ya lile sharti la kwanza mkononi. "Hata sisi tulidhani hivyo," alisema. "Tuliandika kwamba mtu aombwe ruhusa. Tukasahau kwamba ombi ni ombi pale tu anayeombwa anapoweza kusema hapana. Basi watoto, na hata wakubwa, mkiulizwa jambo linalowaumiza, semeni kweli. 'Sawa' ya uongo humwumiza anayeisema na kumpoteza anayeiamini. Na sisi tunaouliza, tuache kazi zetu kwanza, tumtazame mtu usoni, tusubiri jibu."

Kisha akageuka, akamtazama mpwa wake kama anayeomba ruhusa, akasubiri.

"Endelea, Shangazi," Chiriku akasema.