Malaria ya Kila Jumatatu

Mideva aliamka, akawasha jiko, akateleka chai. Alikuwa amechoka hata kabla ya siku kuanza. Mume wake, Wesonga, fundi wa mawe hapa Kiplombe, alikuwa amelala na viatu. Alikuwa amelewa chang'aa tena.

Kila Jumatatu Mideva alimpigia simu msimamizi wa mjengo. "Baba Lenny ako na malaria," alisema. Malaria gani hiyo inayokuja kila Jumatatu? Msimamizi alijua. Majirani walijua. Mideva peke yake ndiye aliyedhani anaficha.

Ijumaa moja alishindwa kuvumilia. "Baba Lenny, hii pombe itaisha leo," alisema.

"Nifungie ndani," Wesonga alijibu. "Mimi mwenyewe nimejaribu, nikashindwa."

Basi Mideva akamfungia ndani kwa kufuli. Akina mama wa kanisa walikuja wakaimba mlangoni. Walikubaliana Wesonga afunge siku tatu bila kula.

Siku ya pili Wesonga alitetemeka mpaka kikombe kikamponyoka. Alitoka jasho. Alipiga kelele kwamba siafu wanapanda ukutani. Hakukuwa na siafu.

"Hayo ni mapepo," mama mmoja alisema. "Tusimfungulie."

Jerop, jirani yao, ni mhudumu wa afya ya jamii. Alisikia kelele akaja mbio.

"Mama Lenny, fungua! Sio mapepo. Mwili wake umezoea pombe miaka mingi. Ukiikata ghafla hivi, mtu anaweza kupata kifafa, hata akufe. Twende hospitali saa hii."

Mideva alitafuta ufunguo akilia. Karibu amuue mume wake, na alikuwa anajaribu kumwokoa.

Hospitalini Wesonga alilazwa wiki nzima. Alipewa dawa za kutuliza mwili. Kisha mshauri alimwingiza katika kikundi cha watu wanaoacha pombe. Wanakutana kila Alhamisi.

"Na mimi nifanye nini?" Mideva aliuliza.

"Usimdanganyie kazini tena," Jerop alisema. "Ukificha, pombe inapata nafasi. Lakini usimtukane pia. Mwambie ukweli akiwa hajalewa. Na wewe, nani anakuuliza umelalaje?"

Hakukuwa na mtu aliyemuuliza Mideva hivyo. Jerop alimpeleka kwenye kikundi cha familia. Huko alikunywa chai, akasikiliza wengine. Alirudi nyumbani akiwa bado amechoka, lakini hakuwa peke yake.

Mwezi wa tatu baada ya kutoka hospitali, Wesonga alikunywa tena. Jumatatu ikafika. Mideva alitazama simu. Hakupiga.

"Baba Lenny, mimi sitasema ni malaria," alisema taratibu.

Wesonga aliinamisha kichwa. Kisha yeye mwenyewe alichukua simu, akampigia msimamizi. "Mkubwa, nilikunywa. Leo naenda kwa mshauri. Kesho nitakuja." Mideva alimsindikiza.

Mshauri hakushangaa. "Wengi huteleza," alisema. "Umerudi. Tunaendelea."

Sasa ni miezi saba tangu siku hiyo. Jumatatu iliyopita simu ya Mideva iliita. Alikuwa msimamizi. Alidhani Wesonga amekunywa tena.

"Mama Lenny, malaria iliisha kweli? Leo bwana yako amefika mjengo kabla yangu!"

Mideva alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akavua viatu, akalala kidogo, mchana kweupe.