Mume Aliyetoka Majini

Maji ya moto aliyoyamwaga Halit hayakulia chubwi. Aliyatupa kutoka kwenye birika, yakashuka baharini chini ya kijumba chao cha mbao kilichosimama juu ya nguzo, na Nurten akasikia kitu kikilia kama mtoto mchanga aliyenyang'anywa ziwa. Mara moja tu. Kisha kimya.

"Umesikia?"

"Ndege hao."

"Umemwaga maji ya moto bila bismillahi, Halit. Mama yako angekutandika mwiko."

"Kamanda, tuko likizoni. Na hao majini wako nao wako likizoni." Akacheka, akachechemea kwenda kuchemsha mengine. Yale ya kwanza yalinuka dawa, na mtu wa Erzurum, kwao Uturuki, hanywi chai ya namna hiyo.

Walikuwa wamefika Maldivi mchana huohuo. Tangu waoane walikuwa wakiizungumzia safari ya kwenda kwenye bahari ya joto, na kila mara lilizuka jambo. Mara mimba iliyotoka. Mara goti la Halit, lililosagika trekta lake la kusukuma theluji lilipopinduka. Kisha mama yake akapooza, na Nurten akawa wa kumlisha na kumgeuza kitandani, hadi majira ya baridi yaliyopita walipomzika katika ardhi ngumu iliyobidi iwashiwe moto ndipo ichimbike. Wakitoka makaburini Halit alimshika mkono mbele za watu, jambo asilolizoea, akasema, "Sasa zamu yetu."

Asubuhi ya pili Halit aliingia baharini. Hakujua kuogelea, alitembea tu hadi maji yakamfika kifuani, akampungia mkewe mkono, akazunguka nyuma ya nguzo za kijumba. Alikawia. Nurten alikuwa ameshasimama amwite alipomwona anapanda ngazi, mbiombio kama kijana, hachechemei.

"Goti lako!"

"Maji ya chumvi ni dawa," akasema, akambeba na kumzungusha barazani, na Nurten akacheka mpaka machozi yakamtoka. Pua yake ilipogusa shingo ya mumewe ndipo aliposikia harufu ya nywele zilizoungua.

Walikaa kunywa chai. Kwao Erzurum mtu huuma bonge la sukari, akapitisha chai juu yake. Halit alikunywa hivyo tangu aote meno, na aliwacheka wote wanaokoroga. Sasa akatumbukiza sukari kwenye bilauri, akachukua kijiko, akakoroga.

"Tangu lini unakoroga?"

"Tangu lini nini, mpenzi?"

Halit hakuwahi kumwita mpenzi maishani mwake.

Mchana, jua likiwa utosini na yule bwana akiwa amejilaza kitandani, Nurten alifua fulana mbili, na alipoinama kuzikamua akasikia hodi chini ya mbao za sakafu, taratibu, kama mgeni mwenye haya, kisha sauti aliyoijua kuliko sauti yake mwenyewe ikapenya kwenye upenyo wa mbao ikisema, "Kamanda, mbona umenifungia nje?"

Akaanguka kifudifudi, akaweka jicho kwenye upenyo. Maji ya kijani, angavu, na hakuna mtu.

"Halit?"

"Baridi, Nurten. Huku kuna baridi kama kwetu."

Nyuma yake kitanda kikalia. "Unaongea na nani, mpenzi?"

Alikimbia peku hadi kwa Zeeniya, mke wa mwenye nyumba ile ya wageni, aliyesomea Istanbul na kukijua Kituruki. Zeeniya hakumcheka. Alijitanda mtandio, akampeleka kwa mganga wa kisiwa, mzee Moosa Fulhu, na mzee alipousikia mkasa wa maji ya moto akazima redio yake. Akasomea kikombe cha maji ya kisima, akamdondoshea Nurten kiganjani. Yalimuunguza.

Walipoingia kijumbani, yule aliyefanana na Halit aliinuka kwa adabu, akampa mzee mkono, akamwamkia kwa lugha ya kisiwa ambayo Halit hakuijua hata neno. Wakaketi wakazungumza kwa sauti za chini, kama wazee waliokuja kuposa, na Zeeniya akawa anatafsiri sikioni mwa Nurten.

"Anasema mumeo alimuunguza mtoto wao. Amekufa."

"Hakukusudia! Waambie tutatoa fidia, waniadhibu mimi..."

"Anasema hawakuja kuadhibu. Mama wa mtoto hataki fidia, anataka mtoto. Amemchukua mumeo amlee. Huyu ametumwa akae nawe, usije ukabaki mpweke. Anasema ni haki."

Yule mwanamume akamtazama Nurten kwa huruma, akatikisa kichwa.

"Mfukuzeni," Nurten akanong'ona.

Zeeniya akatafsiri, na mzee akajibu. "Kumfukuza naweza. Lakini mlango walioutumia ni mmoja. Huyu akitoka, unafungwa, na wako anabaki ndani."

"Na asipotoka?"

"Wako atasikia njaa. Atakula chakula chao. Akishakula, amekuwa wao."

"Basi anarudi vipi?"

Mzee akainama akavaa ndala zake. "Zeeniya, mwambie mimi sijui kudanganya mtu."

Nurten hakuinuka tena sakafuni. Alilala hapo shavu likiwa juu ya mbao, yule bwana akimfunika shuka na kumwekea mto kwa upole, akawa anazungumza na mumewe bila kukoma, akimtajia mtaa wao, jina la baba yake, rangi ya trekta, theluji iliyowafungia ndani siku ya harusi, akimsihi, usile Halit, chochote watakachokupa usile, na kutoka chini sauti ikijibu, kila mara kwa uchovu zaidi, "Lakini nina njaa, kamanda. Nina njaa sana. Na yeye analia nikikataa."

Kulipokucha sauti haikujibu. Nurten aliita hadi koo likapasuka. Jua lilipopanda ndipo ilipokuja, karibu kabisa na shavu lake, nzito, iliyoshiba, yenye heshima ya mwanamume anayesema na mwanamke asiyemjua.

"Samahani, dada. Unamtafuta nani?"

"Ni mimi. Ni Nurten."

Maji yakapigapiga nguzo.

"Simfahamu mtu wa jina hilo," ikasema. Kisha, ikigeukia mtu mwingine huko chini, ikaita kwa furaha:

"Nakuja, mama."