Mara Tatu Mbele ya Papa Président

— Donc miye njo nilipoteza maiti ya muntu, Larissa. Njo vile banasema.

Arnaud alisukuma simu yake juu ya meza, jioni ile ya Alhamisi, ili Larissa asome mwenyewe. Ujumbe ulitoka kwa makamu wa président wa mutuelle, kile chama ambacho Wakongo wa Katanga walioko Bruxelles hutumia kusaidiana kwenye misiba na harusi.

"Samedi 15h, salle ya Matonge. Utajibu mbele ya banachama bote. Na familia ya Papa Banza inakujulisha kama ile mambo ya mahari inasimama."

Larissa aliusoma mara mbili. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, maana kile chumba cha Arnaud pale Etterbeek hakikuwa na kiti cha pili. Papa Banza aliyetajwa hapo ni baba yake mzazi, na mahari yaliyosimamishwa ni yake yeye, ya kuolewa na huyu huyu Arnaud aliyekuwa anamtazama sasa hivi.

— Papa amesema nini? aliuliza, ingawa alijua.

— Amesema dossier ya marehemu alinipa miye, mukono kwa mukono. Miye niko secrétaire, yeye ni président miaka kumi na nane. Nani atanisadiki?

Jambo lenyewe lilikuwa zito. Mume wa Maman Mathilde alifariki mwezi wa kwanza, akatakiwa kupelekwa Lubumbashi kuzikwa. Maman Mathilde akapeleka karatasi zote kwa Papa Banza nyumbani. Karatasi zikapotelea hewani. Marehemu akalala siku kumi na tisa ndani ya friji ya hospitali, huku Lubumbashi watu wamekaa kwenye matanga bila mwili wa kuzika. Mjane akazitafuta karatasi upya moja moja, akilia kila ofisi. Aibu kama ile lazima ibebwe na mtu, na mtu akapatikana: Arnaud.

— Ulishaka kuniona napoteza karatasi, weye? Arnaud alimwuliza.

Larissa akafunga macho. Alikuwa ameshikilia siri kwa siku kumi na moja, na sasa maji yalikuwa yamemfika shingoni.

— Ile dossier niko nayo.

— Unasema?

— Iko kwetu, Ganshoren. Niliikuta jikoni, ndani ya four, ile oveni. Nilifungula niweke samaki, naona enveloppe ya Maman Mathilde. Papa njo aliiweka pale. Anasahau, Arnaud. Tangu mwaka jana anasahau. Hotuba zake za mutuelle miye njo naandikaka.

— Tangu lini uliikuta?

— Onze jours.

Arnaud alinyanyuka, akaenda kusimama dirishani, akampa mgongo. Larissa angependa apige kelele, amtukane hata, kuliko ule mgongo.

— Usinyamaze. Weye mwenyewe njo ulinifundisha.

— Nilikufundisha nini?

— Mambo ya kule Chine.

Na ni kweli, jamani, alimfundisha. Arnaud alikuwa mwaka wa nne wa thèse yake ya udaktari juu ya mafundisho ya Konfusio na jinsi yalivyoongoza serikali za Wachina tangu enzi za wafalme. Vijana wengine wakimpeleka msichana matembezini humsifia macho. Arnaud alimwelezea Larissa mitihani ya maafisa wa mfalme. Naye, kwa sababu alimpenda, alisikiliza yote. Majira ya baridi yaliyopita, ndani ya tramu, alimwambia kwamba kwa Wachina wale, mtoto akiona kosa la mzazi wake hamburuti kwa hakimu. Anamfunika. Nchi yenyewe, alisema, ilijengwa juu ya heshima ile ya nyumbani. Asiyemheshimu baba yake hatamheshimu mfalme. Larissa alilibeba neno lile moyoni kama lilivyo. Siku alipokuta bahasha ndani ya oveni, akalitumia.

— Nilimufunika papa yangu, alisema. Sikujua kama nakufunula weye.

Arnaud akageuka. Macho yalikuwa mekundu.

— Ulichukua nusu, Larissa. Nusu ingine hukungojea. Kufunika ni juu ya bantu ba inje. Ndani ya nyumba, mutoto anamuambia mzazi kosa yake. Kwa sauti ya chini, kwa heshima. Mara tatu.

— Na akikataa?

— Mutoto hana fasi ya kuenda. Analia, anamufuata nyuma.

— Na ule wa serikali? Afisa wa mfalme?

— Yeye pia anasema mara tatu. Mfalme asiposikia, anabeba vyake, anaenda.

Larissa alielewa kabla hajamaliza.

— Nilishamuambia papa yako mara mbili kama ile dossier sikuipata, Arnaud aliendelea. Samedi itakuwa ya tatu. Kuna kazi Lyon, bananingojea nijibu. Akinikana tena, naenda.

— Utaniacha?

— Sitasema habari ya four. Ile ni siri ya nyumba yenu. Lakini siwezi kuoa fasi bantu banajua miye ni muntu ya kuacha maiti ioze.

Alimfungulia mlango. Hakumsindikiza hadi kituoni kama siku zote, na njia nzima ya kurudi Ganshoren Larissa hakujua hata basi limepita wapi.

Asubuhi ya Ijumaa alipika uji, akamwekea baba yake maziwa kama anavyopenda. Papa Banza alikuwa mtu wa kupendeza, mrefu, mwenye suti tano na kofia saba. Larissa akasubiri amalize, akaweka bahasha mezani.

— Papa, nakuomba unisikie pole pole. Hii dossier hukumupa Arnaud. Ilibakia hapa.

— Nilimupa.

— Niliikuta ndani ya four, papa.

— Alors weye njo uliiweka. Miye sijaingia jikoni tangu mama yako afe.

Alinyanyuka, akaingia chumbani, akafungulia redio. Hiyo ikawa mara ya kwanza.

Simu ya Larissa ikaita mlio mfupi. Arnaud: "Umemuambia?"

Akajibu: "Moja. Amekataa."

Akaweka simu, akaosha bakuli la uji.

Jumamosi asubuhi alikuwa anampigia pasi shati jeupe la mkutanoni. Papa Banza alisimama karibu na kabati, akiangalia vifungo vya koti kana kwamba vinamwuliza swali. Larissa akazima pasi.

— Papa, Arnaud anasemaka kama kule kwa Bachinois, jina na kazi lazima biende pamoja. Anayeitwa président afanye kazi ya président. Akishindwa, jina inabakia bure.

— Donc anataka jina yangu.

— Hapana, papa. Anataka yake. Ile umemunyanganya.

Mzee akakaa kitandani. Sauti yake ilishuka mpaka ikawa ya mtu mwingine.

— Unajua kwa nini nilisema ni yeye? Baliniuliza mbele ya comité, nikatafuta mu kichwa, hakuna kitu. Sikukumbuka hata kama Maman Mathilde alifika hapa. Nikaona nikisema sijui, batajua. Nikataja secrétaire, juu karatasi zinaendaka kwa secrétaire.

— Alors sema vile leo.

— Leo nikitoka pale, kesho bataniweka ku home ya bazee pamoja na bazungu ba kukojoa mu kiti. Nikiacha kuwa président, nitakuwa nani, Larissa?

Larissa alitaka kumkumbatia, na alitaka kumtikisa mabega. Akapiga moyo konde.

— Utakuwa papa yangu.

— Haitoshi, alisema Papa Banza, akanyoosha mkono apewe shati.

Mara ya pili hiyo.

Walipotokea juu ya ngazi za kituo cha métro Porte de Namur, pale Matonge, ilibaki robo saa mkutano uanze. Wanawake wa saluni walimsalimia mzee kutoka milangoni, "Papa président, bonjour," naye akawainulia kofia kila mmoja. Larissa akamshika mkono wa koti.

— Papa, nakuomba kwa jina ya mama. Usimusingizie tena. Ni mara ya mwisho nasema.

— Funga kinywa. Weye ni mutoto wangu ao mutoto ya ule Chinois wako?

Akajinasua, akaendelea mbele na hatua zake ndefu. Larissa alibaki pale katikati ya watu, na hapo ndipo machozi yakaja yenyewe. Angeweza kurudi métro, akapanda gari moshi na Arnaud, akaanza maisha kule Lyon. Lakini mzee alikuwa amekwisha kuupita mlango wa salle bila kuingia, akasimama njia panda akitazama kushoto na kulia, hajui aelekee wapi. Larissa akamfuata akilia, akamgeuza taratibu, akamwingiza ndani.

Salle ilijaa. Maman Mathilde alikuwa safu ya mbele, na kitambaa cheusi kichwani. Arnaud alikuwa amesimama peke yake upande wa dirisha. Makamu wa président akasoma mashitaka marefu, kisha akauliza kama mshitakiwa ana neno.

— Ni moja tu, alisema Arnaud. Papa président, kwa heshima yote. Nakuuliza mara ya tatu. Ile dossier ilifika mu mikono yangu?

Papa Banza akasimama. Akakohoa. Larissa alikuwa nyuma ya kiti chake, na kilio alichokuwa anakizuia kwa leso kikamtoka. Alilia tu, kichwa chini, mkono mmoja umeshika koti la baba yake.

— Na huyu mutoto analia nini? akauliza Maman Mathilde. Bwana ni wangu njo alikufa.

Minong'ono ikaenea. Papa Banza akageuka.

— Unafanya nini hapa nyuma?

— Nakufuata, papa.

— Hata nikidanganya, nikisema bongo?

— Niko na fasi gani ya kuenda?

Mzee akavua kofia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona mkutanoni, akamgeukia mjane.

— Maman Mathilde, ulinipa miye. Niliiweka ndani ya four, na nikasahau. Nasahau bintu mingi. Mutoto yangu ananifunika tangu mwaka jana. Secrétaire hakuona hata karatasi moja. Nilimutaja juu niliona haya.

Maman Mathilde alisimama, akamkaribia mpaka uso kwa uso.

— Dix-neuf jours, Papa Banza. Siku kumi na tisa.

— Najua.

— Sijui kama nitakusamehe.

— Usinisamehe leo, alisema mzee.

Zogo likaanza, kila mtu na lake, makamu akipiga meza. Arnaud alichukua koti lake akatoka. Larissa akapenya katikati ya watu, akamkuta nje ukutani, upepo unampiga.

— Amesema, Arnaud.

— Nimesikia.

— Basi mbona unaenda?

— Onze jours, Larissa. Tulikula pamoja, tulicheka, unaniona silali usingizi, na ulijua. Papa yako aliogopa kupotea. Weye uliogopa nini?

Larissa akasema ukweli.

— Niliogopa kuchagula. Nikaona weye uko na nguvu, utabeba.

— Nilikuwa nakufa.

— Najua sasa. Nisamehe. Sitakuficha tena kitu, hata ile itanitia haya.

Arnaud alifuta uso kwa kiganja. Kabla hajajibu, mlango ulifunguka, Papa Banza akatoka peke yake, kichwa wazi, akitafuta kwa macho. Akawaona. Akaja pole pole mpaka mbele ya Arnaud, akafungua mdomo, akaufunga.

Larissa alitaka kumnong'oneza. Mzee akamzuia kwa mkono.

— Achia. Mutoto yangu, jina yako imenipotea hapa hapa. Itarudi ao haitarudi. Lakini najua ni weye nilikusingizia.

Hasira ya Arnaud ilikuwepo bado, Larissa aliiona shingoni. Hata hivyo kijana akavua skafu yake, akamfunga mzee.

— Ni Arnaud, papa. Baridi itakuumiza.

— Arnaud. Na huyu mutoto yangu, utamuoa?

Arnaud akamtazama Larissa machoni kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

— Nitamuoa, papa. Lakini leo niko na kasirani naye.

Papa Banza akaitikia kwa kichwa, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

— Bon. Kesho ukuje uniambie tena, juu nitakuwa nimesahau.