Ukuta wa Jicho

Kila siku baada ya masomo, Jicho alipitia kazini kwa shangazi yake na kumsubiri hadi afunge. Shangazi alikuwa mkuu wa jumba la sanaa. Yeye ndiye aliyechagua michoro ya kuonyeshwa na kuamua ipi ikae wapi. Jicho alikalia kiti cha mlinzi, akala mkate wake peke yake, na picha ikipinda hata kidogo aliiona kabla ya mtu mwingine yeyote. Ndiyo maana shangazi akambandika jina hilo.

Shuleni alikuwa mgeni, kwa kuwa mama yake alipata kazi mbali, akamwacha akae kwa shangazi. Wakati wa mapumziko alifunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena, ili asionekane hana wa kucheza naye. Inauma kuwa mpweke katikati ya kelele za wenzako.

Basi mwalimu wa sanaa alipomteua kuchagua na kupanga michoro ya darasa kwa ajili ya siku ya wazazi, mambo yakabadilika ghafla.

"Jicho, dada yangu, njoo ukae hapa," alisema Malkia, msichana aliyeamua darasani nani acheze na nani. "Mchoro wangu utauweka, eti?"

"Nitauweka!" Jicho alijibu, moyo ukimdunda kwa furaha.

Akaja mwingine, na mwingine. Wote aliwaambia ndiyo. Siku hizo aliruka kamba na wenzake mpaka akaishiwa pumzi, na viatu akavisahau kabisa.

Ukuta ulikuwa mmoja tu. Jicho alibandika michoro yote, huu ukilalia ule, hadi ukuta wenyewe ukapotea. Siku moja kabla ya wazazi kuja, wenzake waliingia kutazama.

"Mbona farasi wangu hana kichwa?" mmoja akalalamika. "Kimefunikwa na jua la Malkia!"

"Na jua langu lenyewe limebaki nusu!" Malkia akafoka. "Kazi gani hii? Twendeni zetu."

Wakaondoka. Jicho akakaa sakafuni, akalia.

Shangazi alipoona Jicho hajapitia kazini kwake, alikuja shuleni kumchukua, akautazama ukuta.

"Mwanangu, umepanga michoro au umeanika nguo?"

Jicho akacheka huku machozi yakimtoka. "Wote waliniomba, shangazi. Nikikataa, nitabaki peke yangu tena."

"Kwa hiyo ulikuwa unatafuta marafiki, michoro ikawa chambo." Shangazi akaketi kando yake. "Hata mimi nikishachagua, wasanii wengine hawanisalimii. Nyumbani narudi nimenyong'onyea. Lakini kila ninayemwacha namwendea mwenyewe na kumweleza sababu. Simtumi mtu."

Waliibandua michoro yote, wakaitandaza sakafuni, wakavua viatu na kupita katikati yake polepole, kama shangazi alivyozoea kufanya jumbani. Kisha akamwachia Jicho achague michache na kuibandika upya.

Asubuhi Jicho aliwaendea wale ambao michoro yao iliachwa, mmoja mmoja. Malkia alikuwa wa mwisho.

"Jua hili umelinakili kutoka kitabuni," Jicho alimwambia. "Lakini yule paka uliyemchora ubaoni kwa chaki alikuwa karibu kuruka. Mwalimu alipomfuta, nilisikitika siku nzima."

Malkia alimtazama, akageuka, akaenda zake.

Mchana wazazi walisimama mbele ya kila mchoro na kuutazama kwa utulivu. Baba mmoja alimwona farasi, akamwita mkewe aje haraka. Jicho alisimama mlangoni peke yake. Upweke ulikuwa palepale, ila safari hii hakuinama kufunga viatu.

"Umeiona kazi yako?" alimuuliza shangazi, aliyekuja siku hiyo badala ya mama. "Kiongozi anayemwambia kila mtu ndiyo hamsaidii yeyote. Sema kweli kwa upole, na uso kwa uso. Atakayekuja baada ya hapo, amekuja kwa ajili yako."

Watu walipotawanyika, Malkia alitokea na karatasi iliyokunjwa. Akamsukumia Jicho bila kumtazama.

"Ni yule paka. Kama ni mbaya, usinidanganye."

Jicho aliketi chini, akaikunjua, akaitazama kwa makini.

"Mkia," alisema. "Mkia bado."

Malkia akaguna, akaketi kando yake, akatoa penseli.