Mstari wa Pili

Treni ilikwisha kutikisika na kuanza kuiacha stesheni ya Tazara, ndipo Twaha alipokumbuka kwamba randa yake ameiacha karakana, kwa Mwishehe. Hakusikitika. Mtu anayekwenda kufa ana kazi gani na randa? Alikaa dirishani, shati la mitumba limemlegea mabegani, akakohoa. Kikohozi chake kilikuwa na mluzi ndani, kama birika linalokaribia kuchemka. Mama aliyekaa naye akavuta kanga puani, akamhamisha mwanawe, kisha akahama mwenyewe. Miaka hiyo ya tisini kijana akikonda na kukohoa, watu wamekwisha kumzika midomoni.

"Si TB, mama," Twaha alisema. "Walinipima makohozi."

"Mie sijasema kitu, mwanangu."

Lakini hakurudi. Twaha akabaki na benchi zima peke yake mpaka Ifakara.

Aliyekuwa akimkimbia ni Raudha.

Walikutana Keko, kando ya barabara, jua kali, misumeno inalia kila upande. Raudha alikuja kumtafutia kitanda mama yake wa Manzese. Alikuwa bado na gauni jeupe la kazini, ushungi wa zambarau, na marashi yaliyoishinda harufu ya vanishi. Twaha alikuwa wa manjano kwa vumbi la mvule, mpaka kope.

"Fundi, hiki ni mninga kweli au mmepaka rangi?"

"Sista, ukikikwangua ukakuta mti mwingine, nioe mie bure."

"Nikuoe na kifua hicho? Kinapiga filimbi kama trafiki."

"Ni furaha ya kukuona."

"Furaha gani inayolia mtu akitoa pumzi? Hebu pumua tena." Akasogea, akatega sikio.

Mwishehe, mwenzake wa karakana, akaangusha nyundo kwa kicheko. "Braza, mtoto wa watu anausikiliza moyo wako!"

"Mapafu," Raudha alisema bila kugeuka. "Moyo baadaye."

Kitanda kile kilichelewa makusudi. Kila akija, "Bado, fundi wangu?" "Bado mguu mmoja." "Juzi ulisema mguu mmoja." "Ule ulikuwa mwingine, mpenzi." Shaaban ilipokwisha, kitanda kilikuwa Manzese na Twaha alikwisha kumwambia shangazi yake, Bi Zubeda, apeleke posa baada ya Idd.

Raudha alitaka jambo moja kwanza: Twaha apimwe pumzi katika zahanati aliyofanyia kazi, Kinondoni. Akaenda katikati ya Ramadhani, kanzu imepigwa pasi, kofia mpya. Mashine yenyewe ilikuwa sanduku lenye mvukuto na kalamu. Unavuta pumzi yote, unapuliza bombani kwa nguvu zako zote mpaka uishiwe, kalamu inachora.

"Puliza, puliza, puliza! Usinionee haya, nitakuona umevimba mashavu mara nyingi tu!"

Alipuliza. Mstari ukapanda polepole, kama mkokoteni kilimani.

"Mapafu ni kama chupa," Raudha alimweleza. "Mwenye chupa ndogo, mstari hupanda haraka ukakoma chini. Yako chupa kubwa, shingo ndiyo nyembamba. Sasa vuta dawa hii, tungoje, upulize tena. Kama mirija imebana tu, itafunguka. Kama imekakamaa, haifunguki."

"Nimefunga."

"Mgonjwa ana ruhusa, Twaha. Utalipa siku nyingine."

"Mie si mgonjwa, nimefunga."

"Basi rudi baada ya Idd. Hiki ni nusu ya kipimo, unanisikia? Nusu."

Daktari Benedikto alipita, akautazama mstari. "Unavuta sigara?"

"Sijapata kuvuta."

"Hm. Imebana vibaya," akasema, akaenda zake.

Katika maneno yote ya siku ile, Twaha aliondoka na mawili: ile "hm", na "haifunguki". Baba yake alikuwa seremala vilevile. Alikufa ameketi kitini, maana akilala hapati pumzi. Mamake Twaha akakaa eda angali msichana. Twaha hakungoja Idd. Alimwambia Mwishehe, "Mwambie Raudha asiningoje. Sitaki kumkalisha eda." Akapanda treni.

Ifakara aliuza sukari na chumvi dukani kwa mjomba wake, Jabiri. Jioni alikaa barazani asikilize treni zikipita, na hakuna aliyeshuka akamwulizia. Usiku alizoea kulala na mluzi wake kama na mtu chumbani. Halafu ukaanza kupungua, hata usiku mmoja akatega sikio, hamna. Akajiona sasa hata huo umemkimbia.

Idd ya mfungo tatu ilipopita akaenda posta kupiga simu.

"Haloo, zahanati."

"Raudha."

"Hujafa?"

"Bado."

"Unakohoa?"

"Kimekwisha chenyewe."

"Unaranda mbao huko?"

"Nauza sukari."

"Sukari," Raudha akarudia. "Twaha, njoo umalize kipimo chako."

Alirudi akiimba. Akapitia Keko, akashinda siku mbili kwa Mwishehe akimtengenezea Raudha sanduku la mvule la kuwekea nguo. Alipolibeba kwenda Kinondoni, mluzi ulikuwa umerudi kifuani.

Akapuliza. Mkokoteni uleule. Raudha akampa dawa, akaivuta, wakakaa benchi moja wakingoja bila kutazamana. Akapuliza tena. Kalamu ikaruka, mstari wa pili ukapanda juu ya ule wa kwanza, juu kabisa.

"Imefunguka," Raudha alisema taratibu. "Ni pumu. Vumbi la mvule ndilo linaloiamsha. Ndiyo maana huko kwenye sukari ulipona."

"Kwa hiyo naishi?"

"Utaishi mpaka uwe babu msumbufu. Ukiacha mbao."

"Mbao naziacha leo! Bi Zubeda aje lini kwenu?"

Raudha alikuwa akiikunja karatasi. Vidole vyake vilikuwa na piko, hina mpaka kwenye kiwiko. Twaha alikuwa ameiona tangu mlangoni, akajiambia ni ya Idd.

"Kaka Twaha," alisema, "ulituma mtu aniambie nisikungoje."

"Nani amekuoa?"

"Awadh, wa duka la vipuri. Ijumaa iliyopita."

"Nilidhani nakuokoa."

"Ungeniuliza. Nilikwambia ni nusu." Akamtia dawa mkononi. "Sanduku rudi nalo. Siwezi kuliingiza ndani ya nyumba ya mtu."

Raudha na Awadh walihamia Tanga, wakapata watoto wanne. Mwishehe aliendelea na mvule bila kujifunga kitambaa puani, na hakuwahi kukohoa. Daktari Benedikto alistaafu. Kitanda kipo Manzese, anakilalia mjukuu wa yule mama. Bi Zubeda alifariki bila kupeleka posa popote. Twaha alirithi duka la mjomba wake Ifakara, akamwoa mjane mmoja, Somoe, wakaishi kwa heshima. Ndani ya sanduku anaweka risiti za duka. Dawa yake haimtoki mfukoni. Hakumwona Raudha tena.