Domina Alipoitika

Domina ni binti wa shangazi yangu, na mkasa huu ulimkuta mchana kweupe. Siku hiyo alikwenda Nansha, bandari ya huko Uchina anakofanyia biashara, kushuhudia nguo zake zikipakiwa kwenye kontena. Kazi ikaisha mapema. Chumbani hakuwa na wa kumsubiri, basi akapitia kwenye hifadhi ya ndege iliyo upande ule wa bandari, awaone domomwiko, wale weupe wanaokuja huko majira ya baridi.

Shingoni alivaa darubini ya plastiki ya manjano. Alikuwa amemnunulia Agape, mwanawe wa miaka sita aliyemwacha Bukoba kwa bibi yake, mtoto anayependa ndege kuliko pipi. Kila walipoongea kwa simu Agape aliuliza, "Mama, unakuja lini?" Na kila mara Domina alidanganya: karibuni.

Upepo ulikuwa wa kukata masikio. Njia nzima alikuwapo mzee mmoja tu wa Kichina na kamera yake. Domina akaegemea daraja la mbao, akawatazama ndege wakichota tope kwa midomo yao mipana. Mwaka wa pili huu, kule sokoni Shahe anaitwa "pengyou", yaani rafiki, na watu wasiolijua hata jina lake.

"Mama Agape!"

Sauti ilitoka kwenye matete. Ya mama yake mzazi, kabisa. Kwetu hata mtoto anajua: ukiitwa porini na usiyemwona, funga mdomo. Domina alijua. Lakini jamani, tangu lini hajaitwa hivyo? Moyo ukamtangulia.

"Abee, mama!"

Yule mzee akageuka, macho yamemtoka. "Bu yao," akanong'ona. Ndilo neno ambalo Domina mwenyewe huwaambia wauzaji ving'ang'anizi: sitaki, acha.

Ndege wote wakaruka. Hakuna bawa lililosikika.

Kisha matete yakajibu. "Abee, mama." Sasa ilikuwa sauti ya Domina. Ikajaribu tena, taratibu. "Agape. Njoo, mwanangu." Ikaanza kwenda mbali. Ikapotea.

Akapiga simu Bukoba.

"Simu ya nini tena?" mama yake akacheka. "Si umeshafika? Nimekusikia nyuma ya nyumba unamwita mtoto. Ametoka mbio."

"Mama, mfuate! Si mimi!"

Bibi alimkuta mtoto migombani, mzima, ametulia. Domina akaketi palepale kwenye mbao, akilia kwa furaha. "Agape, ni mama. Sema na mimi."

Bibi yake alipombembeleza sana, mtoto akanong'ona, "Mama ameshakuja. Amesema nisimwitikie yule wa kwenye simu."

Na hajamwitikia hadi leo.

Baadaye kidogo bibi akatuma picha. Agape yuko mlangoni, anatabasamu. Mkononi ameshika darubini ya manjano, inachuruzika tope.

Domina akapeleka mkono kifuani. Kamba ilikuwapo, tupu, imelowa.